Daftari la Majina Sitini

Thaimoma ni uvimbe wa tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Marekani huhesabu wagonjwa wapya mmoja na nusu hivi kwa kila watu milioni kwa mwaka. Sensa ya Kenya ya 2019 iliikuta kaunti ya Nyeri na watu 759,164. Kwa kipimo hicho, kaunti nzima, kutoka Naro Moru hadi Mukurwe-ini, ingepata mgonjwa mmoja kwa mwaka, na ni rahisi mno kumsahau.

Wakati wa matibabu hasahauliki. Kidari hupasuliwa, uvimbe hutolewa, na ukiwa umeshapenya viungo jirani huongezwa mionzi: siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi. Mkulima wa chai wa Othaya anayetibiwa Nairobi hawezi kukata kilomita 150 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi kila siku, basi hulala kwa shangazi Kasarani mpaka dozi iishe. Familia huchanga, kanisa huchanga. Kisha hurudi na bahasha kubwa ya kaki yenye picha za CT, nayo husukumwa chini ya godoro.

Thaimoma nayo haina haraka. Iliyotolewa yote ikiwa bado ndani ya ganda lake hurudi kwa wachache tu katika mia. Iliyopenya inaweza kurudi kwa hata thuluthi ya wagonjwa. Kwa wastani hurudi baada ya miaka mitano hivi, mara nyingine baada ya kumi na zaidi. Hupenda kuota kwenye utando wa mapafu, ambako mgonjwa anaweza asisikie chochote kwa muda mrefu. Ikigunduliwa mapema na kukatwa yote tena, wengi huishi miaka mingi. Ndiyo sababu miongozo ya Marekani hutaka CT kila miezi sita kwa miaka miwili, kisha kila mwaka hadi wa kumi.

Kuna pia suala la duka la dawa. Thuluthi hivi ya wenye thaimoma huugua pia miasthenia, udhaifu wa misuli: kope huanguka jioni, na githeri huchosha taya kabla sahani haijafika nusu. Wengine huanza kuugua baada ya uvimbe kutolewa. Mtu huyo akiuziwa antibiotiki ya siprofloksasini Karatina kwa kikohozi tu, misuli ya kupumua inaweza kumlegea. Kadi mfukoni yenye jina la ugonjwa na dawa za kuepuka ingemwokoa.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilianza na kikomo cha shilingi 550,000 za saratani kwa familia kwa mwaka. Kelele zote zimekuwa juu ya kikomo hicho, na wanaolalamika wana haki. Lakini CT ya mwaka wa saba haidai nusu milioni. Inadai mtu wa kuikumbuka. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa simu na serikali mwaka 2023 tayari hupita nyumba kwa nyumba, na kumkumbusha mtu tarehe ya picha si mzigo mpya kwao.

Kinachokosekana ni orodha ya kuwapa. Nyeri, Kirinyaga, Laikipia, Embu na Meru zikiunganisha wagonjwa wao wa miaka kumi, majina, kwa kipimo kilekile cha mwanzo, hayatazidi sana sitini. Hospitali ya rufaa ya Nyeri inaweza kuanza na yake kumi kabla bajeti yoyote haijapitishwa.