Kabla ya Kuzima Taa



Kila jioni familia zetu husali Baba Yetu, Salamu Maria na sala ya kutubu, kisha taa huzimwa. Ni desturi njema. Lakini je, ile nafasi ya kutafuta dhamiri kabla ya kutubu twaijaza na nini?

Watawa Wabenedikti, walioanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, huishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Sura ya 4 yamtaka mtawa apatane na aliyekosana naye kabla jua halijachwa. Sura ya 42 yaagiza ukimya baada ya sala ya mwisho ya siku. Amani hutangulia, kimya hufuata.

Nayo Kumbukumbu la Torati 24:15 yaamuru kibarua maskini alipwe siku ileile, asije akamlilia Bwana. Basi aliyepaliliwa mikorosho yake akasema "njoo kesho", hali fedha anayo, au aliyewapunja wenzake mgawo wa samaki, ajue kwamba usiku huo sala mbili zapanda kwa Mungu: yake, na ya aliyedhulumiwa, awe Mkristo au Mwislamu.

Twaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Ziwani zizoeze kila familia swali moja kabla ya kutubu: Usiku huu nalala na haki ya nani? Jibu likipatikana, alfajiri tuanzie kwa mwenye haki, kabla ya shamba na kabla ya bahari. Toba ya kweli hurudisha.