Likizo ya uzazi: omba cheti kabla hujatoka kliniki

Tangu Bunge lipitishe marekebisho ya sheria za kazi mwanzoni mwa mwaka 2025, swali ninaloulizwa sana kliniki na kina mama walioajiriwa linahusu mtoto njiti. Wamesikia kwamba mama aliyejifungua kabla ya wakati sasa ana muda zaidi wa likizo, ila wengi hawajui muda huo unahesabiwaje wala unaombwaje.

Tuanze na hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana sheria yao), inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Hesabu hiyo haikumwangalia mtoto aliyewahi kuzaliwa. Mchukue mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 30. Siku 84 ni wiki 12. Zinapokwisha, mtoto huyo ukimhesabu tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa ana wiki mbili tu. Sehemu kubwa ya likizo mama ameitumia wodini, mtoto akiwa kifuani ngozi kwa ngozi, akinyweshwa maziwa kwa mpira au kikombe kila baada ya saa mbili au tatu. Halafu anatakiwa kazini Jumatatu.

Marekebisho yanataka wiki zilizobaki hadi kufikia 40 zihesabiwe kwanza, ndipo likizo ya kawaida ifuate. Kwa mtoto wetu wa wiki 30, hizo ni wiki 10 za nyongeza. Mimi naziona kama sehemu ya matibabu. Mtoto njiti hupoteza joto haraka, huchoka kunyonya na hushambuliwa na maambukizi kwa urahisi, na hakuna mashine inayochukua nafasi ya kifua cha mama.

Tatizo ni karatasi. Afisa utumishi hajui mtoto alizaliwa wiki ya ngapi, na karatasi nyingi za kuruhusiwa kutoka hospitali zinataja uzito, njia ya kujifungua na dawa, basi. Kabla ya kuruhusiwa, mwombe daktari au mkunga aandike umri wa mimba siku uliyojifungua na tarehe uliyotarajiwa. Ni sentensi moja. Ukirudi kuitafuta baada ya miezi miwili, faili limeshaingia stoo.

Karatasi hiyo si ya kwanza. Sheria inamtaka mjamzito amjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu ya hofu. Wapo wanaobana tumbo kwa kanga ndani ya sare hadi mwezi wa saba. Wapo wanaoruka kliniki wasionekane wakiomba ruhusa. Hili la pili linanitisha zaidi. Presha ya mimba hupanda bila mama kuhisi chochote, na protini kwenye mkojo haionekani kwa macho. Tunaigundua kwa kumpima, na asipokuja kupimwa tunaweza kukutana naye kwa mara ya kwanza akiwa ameshaanza degedege la kifafa cha mimba. Kazi aliyokuwa anailinda haina tena maana kwa familia yake siku hiyo.

Kwa hiyo ijue sheria inasemaje kuhusu hofu hiyo. Ujauzito umetajwa kwa jina miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo, na kumwachisha mfanyakazi kazi kwa sababu ya ujauzito si sababu halali. Kumzuia mama kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi kunahesabiwa ni kumwachisha kazi. Hata mkataba wa muda usiohuishwa, kama mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuhuishwa, unaweza kuingia humo. Udhaifu upo: kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Hata hivyo kifungu cha ubaguzi kinamlinda hata anayeomba kazi.

Nalitaja hilo la anayeomba kazi kwa makusudi. Wasichana huja na fomu ya mwajiri ya kupima afya, na katikati ya kipimo cha damu na macho kuna mstari wa kipimo cha mimba. Zipo kazi ambazo mwajiri ana haki ya kujua, kwa mfano ya kukaa karibu na mionzi au kunyunyizia viuatilifu, ili amwepushe mama na hatari. Kwa karani wa ofisini, kipimo hicho cha nini? Una haki ya kumuuliza daktari kila kipimo ni cha kazi gani na majibu yake yanakwenda kwa nani. Majibu ni yako kwanza.

Kuhusu zamu za usiku, mjamzito hatakiwi kuzifanya miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari kwamba afya yake haimruhusu. Baada ya kujifungua pia kuna miezi miwili ya namna hiyo. Kwa manesi wenzangu, walinzi na wafanyakazi wa viwandani, hili liko wazi kabisa, na bado naona matumbo makubwa kwenye zamu za saa nane usiku.

Sasa kurudi kazini. Sisi madaktari tunamwambia mama amnyonyeshe mtoto bila kumpa kitu kingine kwa miezi sita, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Sheria inamrudisha kazini wiki ya 12. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 183 wa mwaka 2000, lilitaka zisipungue wiki 14. Mama hajavunja ushauri wetu kwa ukaidi anapoanza uji mwezi wa tatu. Tumempa maagizo mawili yasiyokaa pamoja.

Kinachoziba pengo ni saa mbili. Mwajiri anatakiwa kumruhusu mama anyonyeshe wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa kutwa nzima linapunguza uzalishaji, na linaweza kuvimba na kuleta homa. Ukikaa mbali na kazini, omba saa hizo ziwekwe mwishoni mwa siku utoke mapema, na mchana pata mahali pa faragha pa kukamulia. Kenya walishaandika kwenye Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kwamba mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Kwetu mama anakamulia chooni. Kama hakuna jokofu, maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya saa nne, na kwa joto la Dar es Salaam mimi ningepunguza.

Wakati huo nyumbani mtoto ameachwa na dada wa kazi. Sheria hiyo hiyo haikumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani. Nimewaona kina mama wanaopigania siku zao 84 kwa nguvu zote, na dada akishika mimba anapewa nauli ya kurudi kijijini kesho yake asubuhi. Mwajiri wake ni wewe.

Ukiachishwa kazi, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama ya kunyimwa likizo, ni ndani ya siku 60. Siku 30 kwa mzazi aliyetoka kujifungua ni chache mno. Baba ana siku tatu tu za likizo yenye malipo, zinazochukuliwa ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, lakini barua anaweza kuzifuatilia hata akiwa kazini. Weka kwenye bahasha moja nakala ya mkataba, barua yako ya taarifa yenye mhuri wa kupokelewa, kadi ya kliniki na ile karatasi yenye wiki za mimba.