Mtoto asomea uandishi wa habari, nani anamshauri?

Ukisimama Kikuubo asubuhi, huku wachukuzi wakikupigia kelele upishe njia, utasikia Kiswahili cha kila namna: cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Juba, cha Mutukula. Miongoni mwa hao wanaohesabu katoni za sabuni na biskuti, wengi wana mtoto katika chuo fulani hapa Kampala. Na si haba wale ambao mtoto wao anasomea uandishi wa habari.

Mama mmoja anayenunua mabeseni na ndoo kupeleka Mpondwe aliniuliza hivi karibuni: "Mwalimu, huyu kijana akimaliza diploma yake ataruhusiwa kweli kuandika gazetini?" Swali lilikuwa jepesi. Jibu ndilo lilinitoa jasho.

Sheria ya Magazeti na Wanahabari ya Uganda ni ya mwaka 1995. Sheria hiyo humtambua kuwa mwanachama kamili wa taasisi ya wanahabari mtu mwenye shahada ya uandishi wa habari, au mwenye shahada nyingine aliyeongeza mafunzo ya fani hiyo na kuifanya kazi kwa mwaka mmoja. Mwenye diploma pekee hafiki hapo. Ni kweli kwamba sheria hii imefuatwa kwa kulegalega, na watangazaji maarufu wasio na shahada tunawasikia redioni kila siku. Lakini Desemba 2020, uchaguzi wa Januari 2021 ulipokaribia, Baraza la Habari liliwataka wanahabari wajisajili kwanza ndipo waruhusiwe kuripoti. Sheria iliyolala, kumbe, huweza kuamshwa.

Ukivuka mpaka Mutukula mambo ni mengine. Kanuni za Tanzania za mwaka 2017, zilizotokana na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Yaani karatasi ile ile inaweza kukufungulia mlango Bukoba na kukuacha nje Kampala. Kijana wa familia inayoishi huku na huku alipaswa kuambiwa hayo kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza.

Hapo ndipo linapokuja suala la mshauri wa masomo. Vyuo vingi humpangia kila mwanafunzi mhadhiri wa kumshauri. Jina hubandikwa ubaoni, basi. Mhadhiri ana madarasa yaliyojaa na rundo la mitihani ya kusahihisha, na mwanafunzi humtafuta siku amefeli somo na anatakiwa kulirudia. Sisemi wahadhiri ni wavivu. Nasema kazi hii haina saa zake katika ratiba, na isiyo na saa haifanywi.

Wanaoumia zaidi ni watoto wetu waliorejea. Mimi nilisomea Tanzania ukimbizini, na niliporudi na cheti changu, ofisi moja ilinizungusha wiki tatu kabla mtu hajaniambia kwamba nilikuwa nimekosea mlango. Vyeti vya sekondari kutoka nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, UNEB. Vya vyuo hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Aliyemaliza kidato cha nne kwa mfumo wa 8-4-4 wa Kenya haingii shahada ya hapa moja kwa moja, kwa kuwa hakupitia ngazi ya S6. Huanzia cheti cha kumwandaa au diploma. Tena Mei 2023 zilizuka kelele kubwa kuhusu kozi za vyuo vikuu ambazo muda wa idhini yake ulikuwa umekwisha. Mshauri anayejua kazi yake humtuma mwanafunzi kuangalia orodha ya NCHE mapema.

Kuna na suala la masomo ya hiari. Vijana hukimbilia utangazaji na kamera, kwani ndivyo vinavyoonekana. Lakini kumbukeni Aprili 2024, wafanyabiashara wa Kampala, Kikuubo wakiwamo, walipofunga maduka kwa sababu ya EFRIS, ule mfumo wa stakabadhi za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Picha za makufuli tuliziona kwa wingi. Waliotueleza jinsi VAT ya asilimia 18 inavyotembea kutoka kwa mwagizaji hadi kwa mwenye kibanda walihesabika. Kijana aliyelelewa dukani, akishauriwa kuchukua uchumi na hesabu za takwimu, angeiandika habari ile bila kubahatisha.

Na Kiswahili? Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wa mipakani wanacho mdomoni tayari, na ajabu ni kwamba wengi hukificha wafikapo chuoni, wakihofia kuitwa wageni.

Yule mama nilimwambia kijana amalize diploma, kisha aitumie kuombea shahada, na kabla ya hapo aniletee barua ya kujiunga na matokeo yake yote. Akaniuliza itachukua miaka mingapi zaidi. Tulipiga hesabu juu ya beseni lililopinduliwa, karo upande huu, nauli ya Mpondwe upande ule.