Mlezi Naye Ana Haki ya Kuuliza



Katika mkutano wa tawi uliopita lilizuka neno ambalo twaona halifai kuachwa liishie pale ukumbini. Dada mmoja, mwanachama mwenzetu, ambaye hulea watoto wa watu nyumbani kwake huko Mukuru, alisimama akasema kwamba siku hizi hapokei mtoto yeyote mpaka kwanza akae na wazazi wake na kuwauliza maswali. Ndugu mmoja wa kiwandani akamjibu kwa ukali, "Mimi ndiye ninayelipa. Yeye ni nani hata anihoji?" Watu wakacheka, na wengine wakapiga makofi.

Sisi hatukucheka. Swali la ndugu yule ni zito, na leo twataka kulijibu.

Kwanza tujue tunamsema nani. Dada huyu si yaya. Yaya huajiriwa na nyumba moja, hufanya kazi katika nyumba hiyo, na tajiri wake anajulikana. Lakini mlezi wa namna hii hupokea watoto wa nyumba nyingi nyumbani kwake mwenyewe, na watu wa mjini wameuita mahali hapo dei kea. Hana tajiri mmoja. Ana wazazi watano, sita, pengine wanane, na kila mmoja hudhani kwamba yeye ndiye tajiri peke yake. Sheria ya Ajira ya 2007 humlinda mtu aliyeajiriwa. Huyu anayejitegemea, ulinzi wake ni yale mapatano aliyoyafanya na wazazi. Asipopatana nao mapema, hana ulinzi wowote.

Sasa tutazame saa zake. Mfanyakazi wa mjini anayefuata kanuni za jumla za mishahara hufanya saa 52 kwa juma, kwa siku 6. Tuseme anatembea saa moja kwenda na saa moja kurudi. Hizo ni saa 12 zaidi. Basi mtoto wake yuko mikononi mwa mlezi saa 64 kila juma, bila kuhesabu mapumziko ya mchana wala ovataimu. Yaani mlezi hufungua mlango kabla yetu hatujaingia kazini, na huufunga baada yetu kutoka. Je, mtu anayefanya kazi ndefu kuliko yetu, tena kazi ya kushika roho za watoto wetu, hana haki ya kuuliza hata neno moja?

Tutaeleza kwa nini dada yule alianza kuuliza. Alipokea mtoto wa miaka miwili bila maswali. Mama yake alikuwa na haraka, naye mlezi alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Siku ya nne, saa 9 mchana, mtoto akaanza kubanwa na kifua. Kumbe ana pumu. Mama alijua, lakini hakusema, kwa kuogopa kwamba mtoto atakataliwa. Mlezi akapiga simu, haikushikwa, kwa kuwa kiwanda kile kina desturi ya kuzizuia simu za wafanyakazi langoni mpaka jioni. Nambari ya mtu wa pili hakuwa nayo. Akamfunga mtoto mgongoni, akawaacha wale watano wengine kwa jirani anayeuza mboga, akakimbia zahanati. Mtoto alipona. Lakini jioni yule mama alipofika hakushukuru. Alimlaumu mlezi kwa kumpeleka mtoto hospitali bila ruhusa, na juma lile hakulipa.

Twauliza, kosa lilikuwa la nani? Mama aliogopa, na mlezi aliona haya kuuliza. Wote wawili ni wafanyakazi, wote wawili ni maskini, na kwa sababu ya maneno ambayo yangemalizika kwa nusu saa siku ya Jumapili, mtoto alikuwa karibu kufa.

Kwa hiyo twapenda kuwapa wanachama wote, wanaolea na wanaoleleza, maneno matano ya kuulizana kabla mtoto hajapokewa.

La kwanza ni saa. Mtoto ataletwa saa ngapi, na atachukuliwa saa ngapi? Mzazi hufanya shifti gani, na je, hubadilika? Ovataimu ikitokea, nani atampasha mlezi habari, na saa hizo za ziada zitalipwa vipi? Wazee wetu walisema kawaida ni kama sheria. Mzazi akichelewa mara tatu na mlezi akanyamaza, mara ya nne hatasema amechelewa, atasema hiyo ndiyo saa yake.

La pili ni fedha. Malipo ni ya siku, ya juma au ya mwezi? Siku mtoto asipokuja, yalipwa au hayalipwi? Uji na chakula huleta nani? Tuseme mlezi ana watoto 6, na kila mmoja hulipiwa shilingi 100 kwa siku. Kwa siku 6 za juma hizo ni shilingi 3,600. Wazazi wawili wasipolipa, zimepotea shilingi 1,200, na makaa, maji, sabuni na kodi havikupungua. Mzazi aliyebanwa aseme mapema, siku zipangwe. Kukwepa njia ili usionane na mlezi si desturi njema ya wafanyakazi.

La tatu ni afya. Mlezi aombe kuona kijitabu cha kliniki. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na surua ikiingia chumba chenye watoto wengi haitabagua. Aulize kama mtoto ana pumu, kifafa, au ugonjwa wa selimundu, na kama kuna chakula kinachomdhuru. Tena wapatane siku ya homa itakuwaje. Mzazi naye asifiche. Yatupasa kumwambia mlezi ukweli, na yampasa mlezi kuupokea bila kumfukuza mtoto. Mtoto mwenye pumu au kilema si wa kukataliwa kwa sababu hiyo tu. Swali ni, anahitaji nini, na je, nyumba hii yaweza kumpatia?

La nne ni watu. Mlezi aandike nambari za simu mbili, na moja iwe ya mtu ambaye simu yake haizuiwi langoni. Aandike pia majina ya wale wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Wazazi waliotengana waseme wazi nani ana ruhusa. Haifai mlezi asimame mlangoni jioni akiamua kesi ya ndoa ya watu. Na ruhusa ya kumkimbiza mtoto zahanati itolewe siku hiyo hiyo ya kwanza, kwa maandishi.

La tano ni malezi yenyewe. Mtoto akilia sana, akimwuma mwenzake, akikataa kula, afanywe nini? Wako wazazi watakaosema, "Mchape tu." Mlezi asikubali. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kulindwa na kila namna ya ukatili na adhabu isiyo ya kibinadamu. Mlezi akiona mtoto ana majeraha yasiyoelezeka, asinyamaze. Nambari 116 hupigwa bure kwa mashauri ya watoto.

Yako pia maneno ambayo mlezi hana ruhusa ya kuuliza. Asiulize kabila, wala kanisa au msikiti, wala kama mama ameolewa. Hayo hayamsaidii kulea, na yanatugawa sisi wafanyakazi, tuliokwisha gawanywa vya kutosha.

Na haki hii ya kuuliza ni ya pande zote mbili. Mzazi naye aingie ndani, atazame. Watoto ni wangapi, na watu wazima ni wangapi? Wanalala wapi? Jiko la makaa huwekwa wapi? Jiko linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoua bila harufu. Maji ya kunywa yanatoka wapi? Mlango una komeo? Mlezi ana kibali? Kaunti ya Nairobi imekuwa na sheria yake ya nyumba za kulea watoto tangu 2017. Mlezi anayewahoji wazazi kisha akakasirika akihojiwa yeye hajaielewa kazi yake. Kuuliza si ujinga, na kuulizwa si matusi.

Ndugu wengine wametwambia hivi: "Maneno yenu ni mazuri, lakini mwenye shida hachagui. Mama lazima awe langoni saa 12 asubuhi. Mlezi lazima alipe kodi. Nani ana nafasi ya kuulizana?" Twakubali kwamba shida ipo. Lakini twasema, shida hiyo haiondolewi na mlezi mmoja mmoja. Akisimama peke yake na maswali yake, mzazi ataondoka aende mlango wa pili ambako hakuna maswali. Basi walezi wa mtaa mmoja wakae pamoja, wapatane juu ya maswali yale yale, saa ile ile ya mwisho, na malipo yale yale ya kuchelewa. Na kama saa za mzazi hazipatani na nyumba ya mmoja, amwelekeze kwa mwenzake ambaye saa zake zapatana. Hivyo mzazi hakufukuzwa, na mlezi hakuvunjika mgongo. Hiyo ndiyo maana ya chama.

Sasa twarudi kwa ndugu yetu aliyeuliza, "Yeye ni nani hata anihoji?" Ndugu, umesahau tulikotoka. Kabla ya vyama vyetu kupata nguvu, tajiri aliuliza maswali yote, na mfanyakazi kazi yake ilikuwa kujibu. Mwaka 1962 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa uhusiano kazini, na msingi wake ni kwamba pande zote hukaa na kupatana. Sisi tulioipigania meza ile, leo twataka kumnyima dada yetu kiti? Ukimwambia mlezi, "Nalipa, kwa hiyo nyamaza," umesema maneno yale yale ambayo ukiambiwa na msimamizi wako hukimbilia ofisi ya chama.

Na liko neno la mwisho, ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Mama anayechelewa kumchukua mtoto mara nyingi si mvivu. Ameambiwa saa 10 jioni kwamba leo kuna ovataimu, na akikataa kesho jina lake halitaitwa. Simu yake iko langoni. Sheria ya 2007 yampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na waganga wamwambia anyonyeshe miezi sita bila kumpa mtoto kitu kingine. Miezi mitatu iliyobaki nani aijaze? Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea, lakini wanachama wengi hawajakiona kwa macho yao. Hivyo mlezi na mama hugombana mlangoni usiku, na mtu aliyeuleta ugomvi huo amelala kwake.

Kwa hiyo twaitaka halmashauri ya chama iingize mambo matatu katika mapatano yanayokuja na waajiri: ovataimu itangazwe tangu siku iliyotangulia, kila mzazi mwenye mtoto mdogo aweze kupatikana kwa simu akiwa kazini, na chumba cha kunyonyeshea kiwepo kweli, kwa vitendo na si kwa karatasi tu. Wakati twayangoja hayo, kila mwanachama mwenye mtoto na amtembelee mlezi wake Jumapili hii, akae, aulize, na akubali kuulizwa.

Yule dada wa Mukuru angali anauliza maswali yake. Na ndugu yule aliyemkaripia, tumesikia ana mtoto wa miezi minne. Twamshauri aende akajibu.

Umoja ni nguvu.