Mastiki si dawa ya kanoti

Kwenye ziwa Kivu, kati ya Goma na Bukavu, kanoti rapidi za fibra zinabeba watu kila siku. Zinagonga mawe, zinaburuzwa kwenye muchanga, zinatoboka. Na tundu dogo kama kidole linatengenezwaje? Mastiki kidogo, rangi juu, twende. Hapo njo kuko shida.

Mastiki inafunika tundu, lakini haina nguvu. Maji yanapita pembeni, yanaingia katikati ya vitambaa vya fibra, na vitambaa vinaachana polepole. Siku wimbi kali linapiga, sehemu yote iliyolegea inaweza kupasuka.

Fundi wa kweli anatoa kwanza kanoti majini, anaiacha ikauke vizuri. Anakwangua kuzunguka tundu kwa mteremko: kama fibra iko na unene wa milimita 5, anafika santimita 6 hivi kila upande. Kisha anapanga vitambaa vipya na rezini, kimoja juu ya kingine, na anangoja vigumu.

Wenye kanoti watasema: siku mbili bila safari ni hasara. Ni kweli, mafuta na deni havingoji. Lakini hasara hiyo tuihesabu kwenye bei ya tiketi, siyo kwenye roho za watu. Wakaguzi nao wasihesabu gileti tu: waombe kanoti itolewe majini, waangalie tumbo yake. Na sisi abiria, tukiona maji ndani, tuulize mbele ya kupanda.