Malenga Apewe Fungu Gani?

Majuzi mpwa wangu aliyerejea likizoni kutoka ng'ambo alinijia barazani na kitabu kwapani. Baada ya kuamkiana akaniambia, "Mjomba, humu na wewe umo." Nikavaa miwani, nikaona neno la Kiarabu, sha'ir, yaani mshairi. Nikafurahi. Lakini kusoma zaidi furaha ikanitoka. Mshairi yule hakuwa na ubeti hata mmoja. Kazi yake kubwa ilikuwa kumtuma jini mdogo akamtafutie uchawi.

Kitabu hicho ni cha mfululizo wa Al-Qadim, ulioanza kutolewa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Nataka leo tuuzungumze mchezo huo, khasa jinsi watungaji wake wanavyowagawia wahusika kazi zao, kwani humo mna funzo kwa kila mwenye kutunga.

Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja husimulia: mmefika pangoni, mbele yenu pana mlango wa chuma. Wenzake, kila mmoja na mhusika wake, hueleza watakalofanya, na jambo likiwa na shaka dadu huamua. Najua kutajwa kwa dadu na uchawi kutawashtua baadhi yenu. Hukumu yake nawaachia masheikh. Mimi nasema juu ya ufundi wa utungaji tu.

Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu mwaka 1974, wahusika walikuwa wa mafungu matatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mpiganaji huvaa deraya na kushika silaha yoyote, lakini uchawi hajui. Mchawi ana maajabu yake, lakini deraya hana na silaha yake ni jambia tu. Kasisi huwafukuza wafu wanaotembea, na akishapanda daraja huponya majeraha. Tazameni hekima iliyomo. Kila mmoja amepungukiwa na kitu alicho nacho mwenziwe, na kwa upungufu huo wanalazimika kwenda pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka uliofuata akaongezwa mwizi, mjuzi wa kufungua kufuli, kunyata na kupanda kuta. Hapo ndipo ilipoingia taabu. Kabla yake mchezaji yeyote aliweza kusema, "Mimi nanyata," na msimulizi akaamua. Alipokuja mwizi na hesabu zake, wengi walielewa kwamba kunyata sasa kuna mwenyewe. Mtungaji alidhani amempa mmoja, kumbe amewanyang'anya wote. Mwaka 1978 watungaji wa mchezo mwingine wa Marekani, RuneQuest, wakayaacha mafungu kabisa. Kwao mtu hujifunza lolote na huzidi kulijua kwa kulitumia. Huo ni uungwana, ila mchezaji mgeni hukosa pa kuanzia, maana hajui yeye ni nani katika safari ile.

Mimi naona mafungu yabaki, lakini yawe ya kazi, yasiwe ya kuwafungia wengine mlango. Kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, zenye mafungu 12, zimekaribia hapo. Yeyote aweza kujaribu kunyata, hata mpiganaji; mrithi wa yule mwizi huwashinda wengi kwa sababu ndio ufundi wake. Kwetu pia kila mtu aweza kushika kasia, wala hilo halimpunguzii nahodha heshima yake.

Ama malenga, kisa chake kinachekesha. Katika kitabu cha kanuni cha mwaka 1978, aliyetaka kuwa malenga alitakiwa awe mpiganaji kwanza, kisha mwizi, kisha ndipo apokewe na makuhani wa misituni waitwao druidi. Sisi tulioanza chuoni kwa alifu na bee tunashukuru hatukupitishwa wizini! Lakini mwaka 2014 aliandikiwa kanuni iliyonigusa. Malenga husema neno, na mwenziwe aliyelisikia hupewa dadu ya ziada, aitumie atakapokabiliwa na jambo zito. Nguvu ya malenga imo mkononi mwa mwingine. Aliyeiandika kanuni hiyo ameujua ushairi, hata kama hajatunga ubeti maishani mwake.

Ndiyo maana yule sha'ir wa mwaka 1992 ameniuma. Sikatai kuwa Waarabu wa zamani za ujahiliya waliamini kila mshairi ana jini wake. Watungaji hawakuzua kutoka hewani. Lakini mshairi yule wa kale alilitetea kabila lake kwa ulimi, aliwasifu wafu wake na kuwatahayarisha maadui. Watungaji wamemchukua jini, wakaiacha kazi. Na neno hilo ndilo mzizi wa mashairi yetu wenyewe. Kijana asiyejua atafunga kitabu akidhani mshairi ni mpunga majini.

Nasikia vijana wetu nao wameanza kutunga michezo ya namna hii. Nawaombeni, wanangu, mkitaka kuandika fungu la nahodha, la fundi wa jahazi au la malenga, msianze na jina wala kilemba. Nendeni mkaketi naye, mumwulize jambo moja: wewe usipokuwapo, wenzako watakwama wapi? Atakalowajibu ndilo fungu lake. Mimi mkiniuliza, nitawajibu hapa hapa barazani, na mpwa wangu ameahidi kuleta kalamu.