Bei ya Kashata ni Ujira wa Mtu



Hivi karibuni tulifika katika duka dogo la jirani, kwenye mojawapo ya barabara za Ngamiani, mjini Tanga. Duka lenyewe ni baraza ya nyumba yenye meza moja na kabati la vioo. Mwenyewe ni mama wa makamo, Mwislamu, ambaye huishi kwa kupika na kuuza kashata za nazi na za karanga. Tulikwenda kununua kashata; tukarudi na swali la haki.

Alfajiri mama huyu huvunja nazi na kuzikuna kwenye mbuzi. Huchemsha sukari kwa maji kidogo hadi ianze kunata, kisha hutia nazi na hiliki, na mwiko hautulii mpaka mchanganyiko ushikane. Humimina kwenye sinia na kukata vipande kungali na moto, kwa maana kashata iliyokwisha kupoa hukatika ovyo. Huu ni ufundi, nao una jasho lake.

Kama ilivyo desturi, tuliomba tupunguziwe bei. Alitujibu kwa upole, "Baba, nikipunguza hapo nitakuwa ninakupa nguvu zangu bure." Tukaona haya. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika nchini, baada ya mvua za El Niño kukwamisha uzalishaji viwandani. Sukari ikipanda, muuza jumla huongeza bei siku hiyo hiyo. Mpika kashata hawezi, kwa kuwa wateja wake ni watoto wa shule wenye sarafu moja mkononi. Hukata vipande vidogo zaidi, au hula hasara. Mzigo wa bei humwangukia aliye chini kabisa.

Tulipouliza habari za madeni, alisita. Hatimaye alisema kuwa kikundi kimoja cha kanisa kilichukua masinia kadhaa kwa sherehe ya Komunyo ya Kwanza, kwa ahadi ya kulipa Jumapili iliyofuata. Miezi mitatu ilikuwa imepita. Aliona vibaya kumdai mtu atokaye ibadani. Tulipofuatilia, tuliambiwa kuwa chokoleti za sherehe hiyo hiyo, zilizotoka ng'ambo, zililipiwa fedha taslimu.

Hatusemi kwamba kula chokoleti ni dhambi. Lakini tutafakari. Kakao hulimwa hapa hapa nchini, hasa Kyela mkoani Mbeya, na sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa mbegu zilizovundikwa na kukaushwa. Watu wa Tanga tunaijua hali hiyo kupitia mkonge, ulioletwa pwani yetu mwaka 1893: kwa miaka mingi tuliuza zaidi nyuzi, na faida ya kuzitengeneza ikabaki kwa wengine. Kashata ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo nazi yake, moto wake na faida yake vyote hubaki mtaani. Nacho ndicho tunachokikopa bila kulipa!

Huenda mtu akasema kuwa mama huyu ni mfanyabiashara, wala si kibarua. Lakini ajipikiaye na kujiuzia hana mshahara mwingine. Bei ya kashata ndiyo ujira wake. Sheria ya Musa ilikataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Mtume Yakobo aliwakemea matajiri walioudhulumu. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kuwa ujira wa haki ni wajibu.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa walei na wa jumuiya ndogondogo:

1. Kila sherehe itengewe fedha kabla ya kuagiza chakula.

2. Mpishi wa mtaani alipwe siku anapokabidhi kazi yake.

3. Mhazini asifunge hesabu ya sherehe kabla ya kuwauliza majirani, wa dini yoyote, kama wanatudai.

Tulipotaka kulilipa deni lile sisi wenyewe, mama alikataa. "Alipe aliyechukua," alisema. Alituelewesha vema kuliko mahubiri mengi: hakuwa akiomba sadaka. Alikuwa akidai chake.